Ukuta Ukivuliwa, Uhai Unabaki

Menya kitunguu chekundu, bandua ile ngozi nyembamba yenye rangi, itandaze kwenye kioo cha hadubini, kisha idondoshee maji ya chumvi. Baada ya dakika chache zambarau iliyojaza kila seli inaanza kuachana na ukuta, kwanza kwenye pembe, halafu inajikusanya katikati kama tone. Ukuta haujasogea. Ukibadilisha na maji matupu, tone linavimba hadi ukutani. Ngozi iliyochemshwa haifanyi hivyo. Rangi huvuja tu.

Kwa jaribio hili wanafunzi hufundishwa kutenga sehemu hai za seli (utando, saitoplazimu, kiini) na zisizo hai: ukuta wa selulosi, chembe za wanga, maji ya vakuoli. Lakini angalia vizuri. Ile zambarau ni maji ya vakuoli, yaani kitu kisicho hai. Kinachoizuia isivuje ni tando ambazo kwa hadubini ya shule huzioni kabisa. Uhai tunausoma kwa kazi yake.

Hata jina “seli” lilianzia kwenye maiti. Robert Hooke, mwaka 1665, alichungulia kipande cha koki akaona vyumba vitupu. Wenyeji walikwisha kufa, kuta zikabaki.

Hoja nzito zaidi ilikuja mwaka 1960. Edward Cocking, huko Uingereza, alitumia vimeng’enya vya kuvu kuyeyusha kuta za seli katika ncha za mizizi ya nyanya. Zikatoka seli za mviringo, uchi, na hai. Mwaka 1971 Takebe, Labib na Melchers waliotesha mimea mizima ya tumbaku kutokana na seli za namna hiyo, nazo kabla ya kugawanyika zilijijengea kuta upya. Ukuta haujawahi kujenga seli. Kwangu mimi hilo linatosha: ukuta si hai.

Ila kutokuwa hai si kukosa kazi, na hapa walimu wengi hupita haraka. Seli uchi ukiitia kwenye maji matupu hupasuka, ndiyo maana hulelewa kwenye maji yenye sukari au chumvi za kutosha. Na mshipa wa maji ndani ya mwembe haupitishi maji vizuri mpaka seli zake zife: zinanenepesha kuta, zinazikaza kwa lignini, kisha zinajimeng’enya zenyewe kwa ndani. Maji ya jani la juu kabisa yanapanda ndani ya kuta hizo.