Kichwa cha Nile Hakina Mwenyewe

Ukivipanga kwenye rafu moja vitabu vya safari vilivyoandikwa kuhusu chanzo cha mto Nile, utaona jambo la kushangaza. Vingi vinapita Ngara au Biharamulo, lakini hakuna kinachokaa. Mwandishi anafika, analalamikia hongo, anahesabu wapagazi waliotoroka, anavuka mto, anaondoka. Ana haraka kwa sababu anatafuta kichwa. Nataka kuvisoma vitabu hivi kwa kusimama pale wanapopita mbio, kwa kuwa naamini kasoro yao si ya jiografia. Ni ya uandishi.

Tuanze na John Hanning Speke, ambaye kitabu chake kilitoka 1863. Mwaka 1861 yeye na mwenzake James Grant waliingia Usui, nchi iliyoko katika eneo la Biharamulo na Ngara ya leo. Mtawala wa huko, Speke anamwita Suwarora, aliwazuia mpaka walipe. Kurasa za Usui zimejaa nguo, shanga, waya wa shaba na hasira. Mkono mtupu haulambwi, lakini Speke anaandika kama mtu aliyeporwa njiani. Haoni kwamba mbele yake kuna dola lenye mpaka, lenye maofisa, linalotoza ushuru wa mgeni kama dola lolote. Anapita kando ya ziwa Burigi, ambalo analiandika Urigi, akielekea Karagwe. Mapema 1862 anavuka Kagera, anakiri ni mto wenye maji mengi, kisha anasonga mbele. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo anasimama Jinja, kwenye maporomoko aliyoyapa jina la Ripon, na kwake swali limekwisha: Nile inaanzia ziwani.

Swali halikwisha. Ziwa nalo hujazwa, na mto mkubwa kuliko yote unaolijaza ni huohuo Kagera alioupita. Msako ukahamia juu ya mto, na hapo Ngara ikageuka kuwa njia panda ya ubishi. Muda mfupi kabla ya maporomoko ya Rusumo, Ruvubu inayotoka Burundi inakutana na Nyabarongo inayotoka Rwanda. Kuanzia hapo maji yanaitwa Kagera. Mwaka 1892 Oscar Baumann, raia wa Austria, aliifuata Ruvubu akatangaza kwamba kichwa kiko Burundi. Daktari Mjerumani, Richard Kandt, alichagua mkono wa pili. Mwaka 1898 alifika kwenye chemchemi ya Rukarara ndani ya msitu wa Nyungwe, na 1904 akachapisha kitabu alichokiita Caput Nili, yaani Kichwa cha Nile.

Kwa msomaji wa insha za kubuni ukweli kama sisi, Kandt ndiye wa kumwangalia kwa makini. Kitabu chake kina jina dogo linalokiita safari ya hisia, mwangwi wa mwandishi Laurence Sterne, na amekiandika kwa mtindo wa barua. Speke anatoa taarifa. Kandt anasimulia: ana mizaha, ana upweke, anaacha sentensi ipumue. Namsoma kwa raha. Ila raha hiyo inanitia shaka, kwa sababu hisia zote za kitabu zinatiririka kuelekea upande mmoja, kwenye tone moja la maji msituni. Kila bonde lililo nje ya mstari huo linakuwa mandhari. Kila mtu asiyemsaidia kufika anakuwa kizuizi au burudani.

Warumi walikuwa na msemo kwamba kutafuta kichwa cha Nile ni kutafuta kisichopatikana. Nadhani walikuwa na busara kuliko waliowafuata. Mto hauna kichwa kama cha mtu. Una vinamasi vya mafunjo, madimbwi ya mabondeni, vijito vya msimu, mvua iliyonywewa na kilima na kutoka upande wa pili. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna haba moja inayoweza kudai kwamba kibaba ni chake.

Kitu chenye kichwa ni mfereji. Huko Uingereza mashambani, mfereji wa Thames and Severn ulifunguliwa 1789. Ulipopanda sehemu ya juu ulihitaji kulishwa maji, na wenye mfereji wakaweka pampu karibu na Thames Head, mahali panapotajwa kuwa chanzo cha mto Thames. Hapo leo lipo jiwe la kumbukumbu, na sehemu kubwa ya mwaka maji hayaonekani. Mfereji una aliyeuchimba, tarehe ya kufunguliwa, daftari la hesabu na bwawa linalojulikana ni la nani. Waandishi wa kichwa cha Nile waliutazama mto wetu kana kwamba ni mfereji: lazima kuwe na sehemu moja ya juu, na lazima mtu mmoja atangulie kuiwekea jina.

Matokeo ya mtazamo huo si ya vitabuni tu. Mei 1894 Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera pale Rusumo kuingia Rwanda, na mwaka uliofuata akachapa kitabu cha safari yake ya kutoka mashariki hadi magharibi mwa Afrika. Miaka michache baadaye alikuwa gavana wa koloni zima, na Vita vya Maji Maji vilipiganwa chini ya utawala wake. Aliyeandika kama mpita njia alirudi kama mwenye nyumba.

Miaka 100 baadaye, karibu mwezi uleule, watu walivuka hapohapo kwa kuelekea upande wa pili. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, UNHCR ilikadiria kuwa watu 250,000 waliingia Ngara kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Mtoni, chini ya daraja, miili ya waliouawa ilikuwa ikiteremka kwenye maporomoko kuelekea Ziwa Victoria, hadi wavuvi wa Uganda wakaikuta ufukweni na kuizika. Waliovuka wakiwa hai walikaa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Italia iliyojenga barabara. Palichaguliwa kwa sababu ya kitu ambacho hakuna kitabu cha Nile kingekipa hata sentensi: bwawa dogo bondeni. Maji yake yalipampwa, yakasafishwa, yakanywewa na mji uliozaliwa kwa siku moja. Hapo ndipo kichwa cha mto kilipokuwa na maana kwa binadamu, na hakikuwa chemchemi ya Nyungwe.

Mwandishi aliyekuja kwa wakati huo ni Fergal Keane, na kitabu chake Season of Blood kilipata Tuzo ya Orwell. Ni kitabu chenye ujasiri. Huko Benaco alimkabili Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Rusumo upande wa Rwanda, ambaye baadaye mahakama ya Arusha ilimhukumu kwa mauaji ya kimbari. Keane anatufundisha kwamba kambi si picha ya huruma tu, kwamba mwenye damu mikononi aweza kupanga foleni ya maji pamoja na asiye na hatia. Hata hivyo naye ana kichwa anachokitafuta, kichwa cha uovu, na njiani wenyeji wa Ngara wanabaki kivuli. Miti yao ilikatwa kuwa kuni, mabonde yao yakawa njia, na walikaa na wageni hao mpaka serikali ilipoamuru warudi kabla ya mwisho wa Desemba 1996. Hiyo ni hadithi ndefu ya ukarimu, uchovu, biashara na woga, na bado inangoja kitabu chake.

Sidai kwamba kitabu hicho lazima kiandikwe na Mhangaza au Mshubi, ingawa ningefurahi. Nadai mbinu. Kiandikwe na mtu asiye na haraka, anayejua kuuliza bwawa hili lilichimbwa na nani, nani aliteka hapa mwaka ule, kiangazi linakauka mwezi gani.

Pale Rusumo leo kuna mtambo wa umeme wa megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme wake unagawanywa sawa kwa nchi tatu. Wahandisi hawakuuliza kama kichwa ni Ruvubu au Nyabarongo, kwa kuwa mashine inazungushwa na maji yaliyokwisha kuchanganyika. Ningependa kusoma insha iliyoanzia hapo.