Mzigo wa Rubani Juu ya Maji ya Ukara

Kusimamisha helikopta hewani, mahali pamoja, huchosha kuliko kusonga mbele. Mkono wa kulia umeshika usukani, wa kushoto unaongeza na kupunguza nguvu ya kuinua, miguu iko kwenye pedali zinazozuia mwili wa chombo usizunguke. Ukigusa kimoja, viwili vilivyobaki vinadai marekebisho.

Chukulia chopa ya polisi imetoka Mwanza kutafuta mtumbwi uliozama upande wa Kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Redio ya polisi inaita, mnara wa kuongozea ndege nao unaita, askari wa nyuma anaonyesha kitu majini. Ziwa likitulia, rubani hukosa alama ya kukadiria yuko juu kiasi gani. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko takriban mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, injini na panga hufanya kazi kama ziko karibu mita 1,900. Akiba ya nguvu inapungua wakati ule ule anaoihitaji.

Mzigo huo wa akili hupimwa vipi? Kipimo maarufu ni NASA-TLX, cha Sandra Hart na Lowell Staveland, kilichochapishwa mwaka 1988. Rubani akishatua hutoa alama kwa mambo sita: kufikiri, kutumia mwili, kubanwa na muda, ufanisi, juhudi na kukereka. Kasoro yake ni kwamba alama hutolewa kazi ikiwa imekwisha, na rubani aliyelemewa ni mwepesi wa kusema yuko sawa. Ndiyo maana watafiti huangalia pia moyo: akili ikielemewa, mapigo huelekea kupishana kwa muda unaolingana zaidi.

Kuna shinikizo ambalo hata moyo hausemi limetoka wapi. Tarehe 10 Juni 2012, helikopta ya Polisi ya Kenya iliyokuwa ikielekea Ndhiwa, upande wa Ziwa Victoria, ilianguka Ngong muda mfupi baada ya kuruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Wote sita walifariki, akiwemo Waziri wa Usalama wa Ndani, George Saitoti, na naibu wake, Orwa Ojode. Hatuwezi kudai kuwa mzigo wa akili ndio uliowaangusha. Lakini rubani yeyote anajua uzito wa kumwambia mkubwa kwamba safari imeahirishwa.

Kwa hiyo mzigo upunguzwe ardhini, kabla ya kuruka: mwonekano wa chini kabisa unaokubalika uandikwe, mafuta ya kurudia yatengwe, redio ya polisi ijibiwe na mwingine. Na rubani akisema anarudi, kamanda asimuulize kama anaweza kujaribu tena.