Bomba Linalovuta

Katika mazungumzo ya kila siku ekzosi huitwa bomba la moshi, na jina hilo, ingawa halina kosa, limeudhulumu ufundi mzima unaoihusu, kwa kuwa humfanya msikilizaji aifikirie kama mfereji wa maji machafu, yaani njia ya kuondolea kitu ambacho injini imekwisha kukitumia na haina haja nacho tena. Fundi anayeunda ekzosi kwa nia ya kuongeza nguvu huitazama kwa jicho jingine. Kwake bomba ni kiungo cha injini chenye kazi ya kuvuta, na kazi hiyo hulifanya likiwa tupu, bila kifaa chochote kinachozunguka ndani yake, kwa kutegemea urefu, kipenyo na umbo lake peke yake.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kuanzia pale valvu ya kutolea inapofunguka. Valvu hiyo, ambayo ni kizibo cha chuma kinachoziachia gesi zilizoungua zitoke ndani ya silinda, haisubiri pistoni ifike chini kabisa, bali hufunguka mapema, wakati kanieneo ya gesi, yaani msukumo wake juu ya kuta zinazoizingira, ingali mara kadhaa ya kanieneo ya hewa ya nje. Gesi huchupa kuingia bombani, na mbele yake hutangulia wimbi, ambalo ni mshtuko wa kanieneo unaosafiri kwa mwendo wa sauti. Na kwa kuwa gesi ni ya moto sana, mwendo huo hufikia takriban mita 500 kwa sekunde au zaidi. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka ghafla au linapokwisha, sehemu yake hurudi lilikotoka, lakini hurudi likiwa limegeuka tabia: lililokwenda likisukuma hurudi likivuta. Likiwahi kufika kwenye silinda katika muda mfupi ambao valvu ya kutolea haijafungwa na ya kuingizia imekwisha kuanza kufunguka, hufyonza mabaki ya moshi na kuuita mchanganyiko mpya wa hewa na petroli uingie hata kabla pistoni haijaanza kushuka. Lisipofika kwa wakati wake, faida hiyo hupotea, na pengine mahali pake hufika wimbi la kusukuma, likaurudisha moshi ndani.

Kanuni hii ni jamaa ya karibu ya ile inayoitawala zumari, ambayo sauti yake hupanda kadiri mpigaji anavyofungua matundu na kuifupisha safu ya hewa inayotikisika ndani yake. Fundi wa ekzosi naye hupima safu ya gesi, ila matundu yake hufunguliwa na injini, tena kwa kasi isiyofikiwa na kidole cha binadamu. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja wa krenki, yaani mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, katika milisekunde 10, na katika muda huo wimbi huwa limekwenda mita 5 hivi. Injini hiyo hiyo ikishuka hadi mizunguko 3,000, muda huwa maradufu na safari ya wimbi nayo huwa maradufu. Ndiyo sababu bomba lililopatana na mwendo mmoja hukosana na mwingine: refu huzaa matunda katika mizunguko ya chini, fupi katika mizunguko ya juu, na halijapata kuundwa bomba la umbo moja lisilobadilika linalotosheleza yote.

Kwa hiyo fundi mwema, kabla hajataja bei wala hajashika msumeno, huuliza injini inaishi wapi. Gari linalopanda mlima wa Kitonga likiwa na mzigo huishi katika mizunguko ya chini, ambako dereva huhitaji nguvu ya kusokota, yaani ile inayolisogeza gurudumu zito likiwa bado halijashika mwendo; gari la mashindano huishi karibu na kikomo cha injini yake, na dereva wake hajali kama linasuasua linapotembea polepole. Mteja anayenunua mabomba ya gari la pili na kuyafunga kwenye la kwanza huwa amelipa fedha ili anyang'anywe nguvu aliyokuwa nayo.

Hasara hiyo huonekana zaidi katika kipenyo, nako ndiko uzushi mwingi ulikojaa. Wako wanaoamini kwamba bomba pana daima ni bora kuliko jembamba, na wako wanaoshikilia kinyume chake, kwamba injini huhitaji kuzuiwa kidogo kwa nyuma ili iwe na nguvu. Kundi la pili limeona jambo la kweli na kulieleza vibaya: ni kweli kwamba gari lililofungwa bomba pana mno hulegea katika mizunguko ya chini, lakini kilichopotea ni kasi ya gesi, ambayo ikipita katika njia pana hupoa, hupunguza mwendo na kukosa ule mvuto ambao mkondo ulio mbio huuacha nyuma yake. Kizuizi chenyewe hakijapata kuisaidia injini kusukuma chochote. Kipenyo kinachofaa ni kile chembamba kiasi cha kuilinda kasi hiyo na kipana kiasi cha kutoikaba injini inapofika kileleni.

Uunganishaji nao una hekima yake. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ambazo kwa kawaida huwaka kwa mfuatano wa 1-3-4-2, hupumua vizuri katikati ya mizunguko yake pale silinda ya 1 inapooanishwa na ya 4, na ya 2 na ya 3, kwa sababu silinda za kila jozi hutenganishwa na mzunguko mzima wa krenki na hakuna inayompulizia mwenziwe moshi. Kisha jozi mbili huungana kuwa bomba moja. Mabomba manne yakikutana mahali pamoja kwa mara moja, aghalabu faida huhamia kwenye mizunguko ya juu.

Aliyeifikisha elimu hii mahali pa kustaajabisha ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ huko Zschopau, katika Ujerumani Mashariki. Injini zake zilikuwa za mipigo miwili, ambazo hazina valvu za kutolea bali matundu kwenye ukuta wa silinda yanayofunuliwa na kufunikwa na pistoni, na kasoro yao ya asili ni kwamba tundu la kutolea hubaki wazi wakati mchanganyiko mpya unaingia, hata sehemu yake ikakimbilia nje bila kuungua. Erich Wolf wa DKW alikuwa amekwisha kulijaribu wazo la msingi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na haki yake isisahauliwe. Lakini Kaaden, akiyachunguza mawimbi kwa osiloskopu, chombo kinachochora mitetemo kwenye kioo, alilipa bomba kazi ya valvu. Bomba lake huanza jembamba, hupanuka kwa umbo la pia, yaani umbo la kawa inayofunika chakula, kisha hubanwa tena kwa pia ya pili iliyogeuzwa. Pia ya kwanza hurudisha wimbi la kuvuta, ambalo huisafisha silinda na hata kuuvuta mchanganyiko mpya uingie bombani. Ya pili hurudisha wimbi la kusukuma, ambalo huukuta mchanganyiko huo uliotoroka na kuurudisha ndani muda mfupi mno kabla pistoni haijaliziba tundu.

Kufikia 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita, bila pampu yoyote ya kuishindilia hewa. Septemba ya mwaka huo dereva wake Ernst Degner alitoroka wakati wa mashindano ya Kristianstad, Sweden, akaipelekea Suzuki maarifa hayo, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa daraja la sentimita za ujazo 50. Mengi yamesimuliwa kuhusu usaliti huo. Linalostahili kukaa zaidi akilini ni kwamba hazina iliyosafirishwa, pamoja na siri nyingine za injini, ilikuwa vipimo vya bati lililokunjwa.

Tena vipimo havitoshi bila mkono. Bomba likikunjwa bila kuegemezwa ndani hubonyea konani, na kipenyo kilichochaguliwa kwa makini hupotea hapo hapo. Ndiyo maana viwanda huingiza kiini cha chuma ndani ya bomba linapokunjwa, na mafundi wasio na mashine hiyo hulishindilia mchanga na kuziba ncha zote mbili kabla ya kulipasha moto, wakihakikisha mchanga ni mkavu kabisa, kwa kuwa unyevu hugeuka mvuke na unaweza kulipasua. Kelele haina nafasi katika hesabu hizi, maana bomba linalonguruma laweza kuwa limepoteza nguvu. Ama masega, kama mafundi wengi wanavyokiita kile kisafishio chenye vijitundu kinachoigeuza gesi ya sumu ya kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, kuyang'oa kwa ajili ya faida ndogo ni kuwatwika wapita njia gharama isiyo yao.

Baada ya yote hubaki kiungio cha kwanza, mahali bomba linapogusana na kichwa cha injini. Ukingo wa chuma ukichomoza hapo hata milimita chache, wimbi huuvunjikia kabla halijaanza safari, na kwa hiyo fundi hulinganisha matundu mawili, huikata gasketi isiingilie njia, kisha hukaa na tupa yake akisawazisha upande wa ndani wa mshono, upande ambao bomba likishafungwa hautaonwa na mtu yeyote.