Kicheko na Deni la Shukrani katika Sorcerer to the Crown

Riwaya ya Zen Cho, Sorcerer to the Crown (2015), huchekesha kwa adabu za mabwana wa London mwanzoni mwa karne ya 19. Uingereza inalalamikia upungufu wa uchawi, ilhali shuleni anamoishi yatima Prunella Gentleman wasichana hufunzwa kuuzima uchawi wao. Kejeli hiyo ni bayana. Iliyofichika zaidi inamhusu Zacharias Wythe, Mwafrika anayeongoza wachawi wa dola. Sir Stephen alimnunua akiwa mtoto, akamwacha huru na kumlea. Wazazi wake aliwaacha utumwani. Hata baada ya kufa, mzimu wa mlezi huyo unaendelea kumshauri. Mzimu unachekesha, lakini pia unaonyesha shukrani isiyokubali kuzikwa pamoja na mfadhili.

Hatimaye Prunella anatwaa wadhifa wa Zacharias, naye Zacharias anamposa. Mapenzi yanapata mwisho mwema; suala la wazazi halipati. Udhaifu wa riwaya ni kuliacha mapema mno. Ubora wake ni kutolisuluhisha kwa ndoa: msomaji anaachwa akitambua kuwa hisani inayomwokoa mmoja na kuuacha mfumo wa dhuluma ulivyo humfunga hata yule iliyemwokoa.