Kati ya Sala na Hazina: Uhakiki wa Maelezo ya Vitabu vya Sala Vilivyonakshiwa vya Ulaya ya Zama za Kati

Utangulizi

Vitabu vya sala vya walei, vilivyotengenezwa Ulaya Magharibi kuanzia karne ya 13 hadi ya 16, vimezoeleka kuelezwa kwa namna mbili zinazokinzana. Katika maelezo ya kwanza, vitabu hivi ni mali ya anasa: ngozi laini ya ndama, dhahabu, na rangi ya buluu iliyosagwa kutokana na jiwe la lapisi lazuli lililosafirishwa kutoka Badakhshan. Katika maelezo ya pili, ni vyombo vya ibada ambavyo mapambo yake ni ziada tu. Makala haya yanahakiki mgawanyo huo. Hoja yake ni kwamba mgawanyo huo hautokani na vitabu vyenyewe, na kwamba umewahi kusababisha hasara isiyorekebishika.

Suala la istilahi

Tatizo linaanzia kwenye jina. Tafsiri ya moja kwa moja, yaani “Kitabu cha Saa”, humfanya msomaji wa Kiswahili afikirie saa ya ukutani. Kinachokusudiwa ni nyakati nane za sala za siku, kuanzia sala ya usiku hadi sala ya kabla ya kulala. Wakatoliki wanaotumia Kiswahili wanalo tayari neno “vipindi”, kama katika Liturujia ya Vipindi, na ndilo linalofaa. Kitabu cha Vipindi kilikuwa na kalenda ya sikukuu, Vipindi vya Bikira Maria, Zaburi saba za toba, Litania ya Watakatifu na Sala za Marehemu. Neno “kunakshi” nalo linataja kazi ya mkono, ilhali neno la Kilatini lililozaa istilahi za Ulaya linataja nuru. Anayesema nakshi humwona fundi. Anayesema nuru humwona msomaji ambaye ukurasa unamwakia mbele ya mshumaa. Maelezo kamili yanawahitaji wote wawili.

Vitabu viwili

Kitabu cha Vipindi cha Malkia Jeanne d'Évreux wa Ufaransa, kinachohusishwa na mchoraji Jean Pucelle, kilitengenezwa Paris kati ya takriban 1324 na 1328. Sasa kimehifadhiwa The Cloisters, New York. Ukurasa wake una urefu wa takriban sentimita 9 na upana wa takriban sentimita 6, hivyo hutosha kiganjani. Picha zake nyingi si za dhahabu, bali za rangi ya kijivu. Anasa yake imo katika udogo na katika saa za kazi, na udogo huohuo ndio uliomwezesha malkia kusali akiwa amekikaribia mno. Ndani yake malkia mwenyewe amechorwa akiwa amepiga magoti na kitabu mkononi. Vimo pia Vipindi vya Mtakatifu Louis, baba wa babu yake. Kusali kwa kitabu hicho kulikuwa pia kukumbuka nasaba ya kifalme. Hapa ibada na hadhi haziwezi kutenganishwa hata kwa wembe.

Mfano wa pili unaonekana kupinga hoja hii. Très Riches Heures, iliyoanzwa na ndugu wa Limbourg kwa ajili ya Jean, mtawala wa Berry, haikuwa imekamilika ndugu hao na mtawala huyo walipofariki mwaka 1416. Ilikuwa karatasi za ngozi ambazo hazijajalidiwa. Jina lake, lenye maana ya “tajiri sana”, lilitokana na orodha ya mali ya marehemu. Ni wathamini waliolitoa, si waumini. Hata hivyo, jambo hili linathibitisha tu kwamba maelezo yetu yamerithi lugha ya wathamini. Halithibitishi kwamba kitabu kilikusudiwa kukaa sandukuni.

Ushahidi wa matumizi

Ushahidi bora umo katika uchafu. Kathryn Rudy, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, alipima weusi ulioachwa na vidole pembezoni mwa kurasa, na kuonyesha kwamba wamiliki walirudia baadhi ya sala na kuzipita nyingine. Eamon Duffy amechunguza maandishi ya wamiliki wa Uingereza: sala zilizoongezwa kwa mkono, kumbukumbu za kifamilia, na jina la Thomas Becket lililofutwa baada ya amri ya Henry VIII mwaka 1538. Wengine walilifuta kabisa. Wengine walipitisha mstari mwembamba tu, likaendelea kusomeka. Mistari hiyo haiongezi bei ya kitabu sokoni, lakini ni historia ya dhamiri za watu.

Gharama ya maelezo nusu

Kitabu kikielezwa kama mkusanyiko wa picha nzuri, kukikata huonekana halali. John Ruskin alikata kurasa za hati zake katika karne ya 19. Otto Ege wa Cleveland, aliyefariki mwaka 1951, alitenganisha hati nyingi na kuuza kurasa mojamoja, akidai kwamba hivyo watu wengi zaidi wangemiliki kipande halisi. Dai hilo lina uzito, kwa kuwa vitabu hivi vilifungiwa na wachache. Lakini ukurasa mmoja hauwezi kuonyesha ni sala ipi ilirudiwa na ipi iliachwa. Kilichogawiwa umma ni anasa. Ibada ilipotea katika kugawa.

Hitimisho

Katalogi ni sera. Uainishaji wake huamua kipi kihifadhiwe kizima, kipi kiuzwe, na kipi kisafishwe. Inapendekezwa kwamba maelezo ya hati yoyote ya ibada yataje kwa pamoja mali ghafi, maandishi ya pembezoni na alama za mikono, na kwamba usafishaji usifanyike kabla alama hizo hazijarekodiwa. Pendekezo hili linaihusu pia Afrika Mashariki, yenye misahafu iliyonakshiwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate. Nayo ikielezwa kwa uzuri wake pekee, soko litakuwa limekwisha kupewa kisu.