Gololi Kumi na Nane

Mke wangu alikwishaamua: baiskeli iende kwa wale wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita mtaani na toroli na mizani ya ndoano. Sikuwa na la kumjibu. Miaka tisa ilikuwa imeegemea ukuta wa banda la kuku, mnyororo umekauka kama ukuti, na tetea mmoja amezoea kulala juu ya usukani. Ni baiskeli ya gia, ya mtumba, katika zile za bei ya chini zilizovishwa sura ya baiskeli ya milimani: shokapu mbele, matairi ya vipele, maandishi makubwa ya rangi ya machungwa kwenye fremu. Niliipandisha njia za Uluguru mara moja tu, nikarudi nyumbani Morogoro nikiisukuma.

Lakini chuma chakavu hununuliwa kwa kilo, na baiskeli kama hiyo haifiki kilo ishirini. Nilipoifikiria ikining'inia kwenye ndoano nikasita. Nikaipakia kwenye bajaji, magurudumu juu, nikampelekea fundi wangu chini ya mkungu wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu mgonjwa ni wa nani?"

"Wangu."

Nilitegemea aishike spana. Hakuishika. Aliipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, akachukua kitambaa, akapangusa vumbi pale mabomba mawili ya fremu yanapokutana na shingo. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Baiskeli iliyowahi kugonga ukuta haiwezi kuficha mahali hapo, aliniambia. Rangi hupasuka mistari myembamba kama ya kucha, na bomba la chini huvimba kidogo kwa tumboni. Akapitisha kidole gumba. Hakuna uvimbe. Akagonga fremu bomba kwa bomba kwa mpini wa bisibisi, ikajibu vizuri.

Kisha akaja kwenye gurudumu la nyuma, na hapo ndipo nilipovuta kigoda nikakaa. Alilizungusha taratibu huku akigusa spoki kwa ukucha, moja baada ya moja, kama mpiga udi anayejaribu nyuzi kabla watu hawajaingia ukumbini. Ziko thelathini na sita. Nami nikaanza kusikia: za kulia zinalia juu, za kushoto zinalia chini. Nikadhani nimeshika kosa. Akacheka. Upande wa kulia ndio wenye fraiwili, meno yake yanakula nafasi, kwa hiyo spoki za upande huo husimama wima zaidi na lazima zivutwe kuliko wenzake ili ringi ikae katikati. Tofauti ya kulia na kushoto haimsumbui. Anatafuta spoki inayokosana na jirani zake wa upande uleule. Akapata tatu. Moja ilitoa mlio wa kijiko kwenye kikombe cha bati.

"Hii imekatika ndani ya nati," akasema, wala hakuwa ameitazama.

Mnyororo aliupima kwa rula ya shule. Vipingili ishirini na nne vya mnyororo mpya huwa na inchi 12 kamili. Wangu ulipita kwa zaidi ya unene wa njiti ya kiberiti. Sisi husema mnyororo umevutika, kumbe ni pini ndogo zinazolika ndani ya matundu yake, kidogo kidogo, mpaka jumla yake ikaonekana kwenye rula. Ukiuachia ufike hapo, unatafuna na meno ya fraiwili. Yangu yalikuwa yamechongoka kama mapezi ya papa. Vyote viwili vya kutupa.

Shokapu aliibonyeza mara moja. Ikashuka, isipande.

"Pambo," akasema.

Hapo nina neno langu na hawa waundaji wa baiskeli za bei ya chini. Shokapu ile ina gharama, na bei ya baiskeli haikupanda kwa ajili yake, basi fedha yake ilitoka mahali: kwenye hubu, kwenye breki, kwenye ringi za chuma ambazo mpira wa breki huteleza juu yake mvua ikinyesha. Mnunuzi huona shokapu, hubu haioni. Baiskeli ya Phoenix ya mzee anayeteremsha magunia ya mkaa haina pambo hata moja, na mimi sijawahi kuiona imeegemea banda la kuku.

Pembeni ya mkungu palikuwa na baiskeli nyingine ya gia, yenye springi hata nyuma. Mwenyewe alikuja na pesa mkononi. Fundi alimtikisia fremu, akamwonyesha jinsi kiungo cha nyuma kinavyocheza kama jino bovu, akamwambia hii hapana. Amekosa kazi ya siku mbili kwa maneno mawili. Nilipomuuliza kama haikumuuma, alikuwa tayari anaongea na breki zangu.

Nikamsimulia habari za Marekani, maana fundi hupenda umbea wa kazi yake. Kwamba mama wa baiskeli hizi zote alikuwa mkweche. Katika miaka ya 1970, kule Marin County, California, vijana kina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walikuwa wakiokota baiskeli za zamani, nyingine za miaka ya 1930, nzito, za breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, wakazifufua na kuteremka nazo Mlima Tamalpais. Mwaka 1976 wakaanza kushindana kwenye mteremko mmoja mkali. Hubu zilipata moto mpaka grisi ikatoka moshi, na baada ya kuteremka ilibidi wazifungue na kuzijaza grisi upya. Mashindano yenyewe yakaitwa Repack, yaani kujaza tena. Mwaka uliofuata Breeze akaanza kuunda fremu mpya za kazi hiyo, na biashara ikafuata.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Walitumia grisi gani?"

Sikujua.

"Na wewe," akasema, "utaipanda kwenda wapi?"

Sokoni, nikajibu. Stendi ya Msamvu kuchukua vifurushi. Uluguru, labda.

"Labda hiyo iache."

Basi akapanga. Shokapu itoke, iwekwe foku ya kawaida kutoka kwenye lundo lake. Katika gia tatu za mbele ibaki ya katikati. Gia saba za nyuma zinatosha kwa mtu wa sokoni. Matairi si shida: huko Ulaya maduka yamehamia magurudumu makubwa zaidi, lakini hapa tairi ya inchi 26 unaipata hata dukani kwa muuza chumvi. Akaandika hesabu kwa chaki kwenye kipande cha bati. Ilizidi bei ambayo mtu yeyote angenipa kwa baiskeli hiyo.

"Ukitaka faida kauze, mwanangu. Ukitaka baiskeli lete tairi."

Lilibaki bomba la kiti, lililoshikwa na kutu ndani ya fremu. Lisipotoka, alisema, nirudi nayo bandani. Akalimiminia mafuta, tukaliacha lilale. Asubuhi akabana kiti kwa mikono miwili na kuzungusha. Likatoa mlio wa mlango wa zamani, likasogea upana wa kucha, akatulia, akazungusha tena.

Nikaenda kununua tairi. Niliporudi hubu ya nyuma ilikuwa wazi, na fundi akanisukumia kisufuria cha petroli chenye gololi ndani.

"Osha. Tisa kila upande. Yenye shimo hata dogo, tupa."

Nikaziosha moja moja, nikizipanga kwenye kitambaa juani. Zilikuwa kumi na saba. Nikahesabu tena. Fundi hakuinua macho. Alinyoosha tu kidole kuelekea mchangani, karibu na kandambili yangu, nami nikapiga magoti.