Utulivu wa Karama katika Kitabu cha Kusadikika

Wasomaji wetu wa Mahurunga na vijiji vya jirani hawahitaji kufundishwa maana ya hasara. Mto Ruvuma ukijaa hupanda mabondeni usiku bila kubisha hodi, na mpunga uliokuwa karibu kutoa masuke hulala chini ya tope. Asubuhi watu husimama ukingoni, na hakosi mzee wa kusema, "Ndiyo kazi ya Mungu, wanangu, tukubali." Neno hilo ni jema, wala hatutaki kulipinga. Lakini twaona kwamba hutumika kwa mambo mawili yasiyofanana. Yuko akubaliye kwamba mpunga umekwenda, kisha akaenda kutafuta mbegu ya pili. Na yuko akubaliye, asiinue jembe tena hata mwaka wa pili. Wote wawili husifiwa kuwa watu wa subira. Kwa ajili hiyo twataka leo kusema habari za kitabu kimoja ambacho, kwa maoni yetu, chapambanua mambo hayo mawili kuliko hotuba nyingi tulizozisikia, ingawa kina upungufu wake, nao tutausema.

Kitabu hicho ni Kusadikika, cha Shaaban Robert, kilichopigwa chapa mwaka 1951. Mwandishi alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Akafanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi. Akafa mwaka 1962. Alikuwa Mwislamu, na Mkristo asiogope kukisoma kwa sababu hiyo, maana haki na kweli azisemazo hazina mlango mmoja. Nchi ya Kusadikika ni ya kubuni, iko angani, wala haimo katika ramani ya shule. Lakini kitabu kilitoka wakati Tanganyika ilipokuwa mikononi mwa Waingereza, na msomaji mwenye macho ataona upesi kwa nini mwandishi alipenda kuiweka nchi yake mbali na ardhi.

Habari zake kwa ufupi ni hizi. Karama ameshitakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Amesimama barazani mbele ya mfalme, hana wakili wala mtu wa kumshika mkono. Apewapo ruhusa ya kujitetea, hajiliwi na hasira, wala halii, wala haombi ahurumiwe. Asimulia habari za watu wengine sita waliokwisha kutumwa na nchi hiyo kwenda pande zote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, hata mbinguni na ardhini, ili walete mafunzo ya kuifaa Kusadikika. Kila mmoja alipata taabu njiani. Kila mmoja alirudi na jambo jema. Na kila mmoja alilipwa kifungo. Siku kwa siku Karama asema habari za mjumbe mmoja baada ya mwingine, na baraza yasikiliza.

Hapa ndipo penye nguvu ya kitabu. Mtu mwingine aliye katika hatari kama ile angalisema, "Tazameni, sita wamekwisha kuangamia; kwa nini mimi niwe wa saba?" Karama azitumia hasara za wenziwe kama shahidi atumiavyo vidonda vyake: hazifichi, wala hazimtishi. Amekubali kwamba huenda naye akafungwa. Asichokubali ni kwamba kufungwa kwao kulithibitisha kosa lao. Watu wengi hawatengi mambo hayo mawili. Mtoto aanguka katika mtihani. Ni kweli ameanguka, na kukataa hilo ni upuuzi. Lakini jioni ile ile jirani yuaja na kusema, "Basi, mwanangu, hukuandikiwa elimu." Neno la kwanza ni habari, la pili ni hukumu, na aliyeitoa si hakimu. Sisi wenyewe tuliwahi kunyimwa nafasi katika chuo kimoja mara mbili, na twakumbuka kwamba barua zile hazikutuumiza kama faraja tulizopewa baadaye.

Tena wasomaji wayatazame majina ya wale wajumbe: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Ajuaye Kiswahili cha pwani hatayapita upesi. Kabuli ni katika ukoo mmoja na kukubali. Ridhaa ni kuwa radhi. Nao ni wasafiri! Mwandishi angaliweza kuwapa majina hayo watu wa kukaa barazani na kungoja kudra. Akawapa watu waliofunga mizigo na kwenda. Kwetu sisi jambo hilo moja latosha kuonyesha mwandishi alivyolielewa neno radhi.

Twasikia mtu akisema, "Mwalimu, mto hauna baraza wala mfalme. Karama angalimwambia nani?" Ni kweli. Hasara iletwayo na maji haina wa kuulizwa. Lakini si hasara zetu zote zilizoletwa na maji. Mwaka ule ule wa 1951 Waingereza waliuacha mpango wao mkubwa wa karanga, walioanza mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali pake. Na ile reli iliyojengwa kutoka pwani ya Mtwara kwenda huko ikafungwa katika miaka ya 1960. Wazee wetu walifundishwa kuutaja mkasa ule kama utajwavyo ukame, kana kwamba ulishuka mawinguni. Haukushuka. Ulipangwa na watu walioandika hesabu kabla ya kuupima udongo na mvua, na mtu atulie kiasi gani, bado ana haki ya kuuliza. Utulivu wa Karama ni wa namna hiyo: sauti yake ni ya chini, na swali lake halipungui.

Sasa tuje kwenye upungufu. Kwanza, safari zile sita zafanana mno. Tulipokisoma kitabu kwa sauti chini ya mwembe, wasikilizaji walikuwa macho kwa mjumbe wa kwanza na wa pili. Kwa wa nne wengine walianza kuchora mchangani, kwa kuwa walikwisha kujua kwamba atakwenda, atapatikana na mashaka, atarudi, atafungwa. Pili, na hili ni kubwa zaidi, wajumbe wenyewe hatuwaoni gerezani. Subira yao twaipata kinywani mwa Karama, ambaye bado yu nje. Ni rahisi kuisifu subira ya mtu mwingine.

Upungufu wa tatu tuliuvumbua kwa bahati mbaya. Nakala ya shule ilikuwa moja tu, na mwaka mmoja maji ya mvua yaliingia chini ya mlango, kurasa za mwisho zikagandamana hata zisifunguke. Kwa miaka miwili watoto wetu walikisoma kitabu bila mwisho wake. Karama alikuwa akisimama mbele ya mfalme, na hukumu haikutoka. Wakazoea hivyo. Walibishana jioni, wengine wakisema atafungwa, wengine la. Lakini hawakubishana juu ya jambo hili, kwamba alifanya vema kusema. Kisha tukapata nakala nzima kutoka Mtwara, tukasoma mwisho: Karama aachwa huru, na wale sita wafunguliwa. Watoto wakashangilia, nasi tukafurahi pamoja nao. Hata hivyo tangu siku ile twaona kwamba utulivu wake umekuwa mwepesi kidogo machoni pa wanafunzi. Wasema sasa, "Alitulia kwa sababu alijua atashinda." Hakujua. Lakini kitabu kilichomlipa mara moja ndicho kilichowafanya wafikiri hivyo.

Katika kushangilia kule msichana mmoja wa darasa la saba hakupiga makofi. Nyumbani kwao bonde lilichukuliwa na maji mwaka ule. Akauliza, "Mwalimu, hao sita walipokuwa kifungoni, mashamba yao yalilimwa na nani?" Tulikitafuta kitabu kizima mbele yake, ukurasa kwa ukurasa, wala hatukuona jawabu. Tukamwambia hivyo. Akasema, "Labda mama zao," akaketi.

Kwa hayo yote twakihesabu Kusadikika kuwa katika vitabu bora vya lugha yetu, na twawaomba wenye watoto wamalizao shule wakisome pamoja nao kabla majibu ya mtihani hayajatoka, si baada yake. Nakala zote mbili zimo katika sanduku la shule, ile nzima na ile iliyogandamana. Atakaye kuazima na aje baada ya vipindi. Ila asiilaze chini karibu na mlango, maana mvua zimekaribia.